Bolti za hedi zinazovutika: kukaza, kupima na kuzitumia tena (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ukurasa huu ni wa fundi anayefungua hedi (kichwa cha injini), na pia wa mwenye gari aliyesimama pembeni akiambiwa aongeze hela ya bolti mpya. Maswali ni yale yanayorudi kila wiki. Namba za injini zilizotajwa ni mifano tu. Kabla hujashika spana, tafuta kitabu cha injini yako.

Bolti ya kuvutika ni ipi? Si bolti zote ni chuma tu?

Kila bolti huvutika ikikazwa, na huko kuvutika ndiko kunakofanya kazi. Unapoikaza inarefuka kidogo, nayo inang'ang'ania kurudi urefu wake. Kung'ang'ania huko ndiko kunakobana hedi na gasketi (kizibo bapa cha katikati) juu ya bloku, yaani mwili wa injini. Bolti ni springi ngumu sana, basi.

Bolti ya kawaida hukazwa ndani ya uwezo wake wa kurudi. Ukiilegeza, inarudi urefu uleule wa dukani. Bolti tunayoizungumzia hapa imekusudiwa kukazwa hadi kwenye kikomo hicho, na mara nyingi kukivuka kidogo. Ni kama waya wa hanga: ukiupinda kidogo unarudi, ukiupinda zaidi unabaki na mkunjo. Ndiyo maana bolti hii ikifunguliwa huwa imerefuka kwa sehemu ndogo ya milimita na hairudi tena.

Kwa nini watengenezaji wavuke kikomo makusudi? Si hatari?

Kwa sababu karibu na kikomo hicho chuma kina tabia moja nzuri. Kabla ya hapo, kila digrii ya kuzungusha unayoongeza huongeza nguvu ya kubana kwa kasi. Ukishafika pale, nguvu inakaribia kusimama: ukiongeza digrii 5 au ukipunguza 5, bolti inabana karibu sawasawa. Kwa hiyo bolti 10 za injini moja zinabana kwa nguvu zinazokaribiana, hata kama mkono wa fundi haukuwa sawa kwenye kila moja. Gasketi inataka hivyo. Sehemu moja ikibanwa sana na nyingine kidogo, gesi itapita palipolegea.

Sababu ya pili ni joto. Hedi nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikitoka baridi ya asubuhi hadi joto la kazi, hedi inanenepa kuliko bolti inavyorefuka, na bolti inavutwa zaidi. Bolti ndefu na nyembamba inastahimili mchezo huo kila siku. Bolti fupi nene haina nafasi hiyo.

Mbona kitabu kinataka digrii? Kwa nini nisikaze kwa kilo tu kama zamani?

Hapa ndipo mafundi wengi hubishana, na jibu lake liko kwenye msuguano. Toki unayoisoma kwenye spana, yaani nguvu ya kuzungusha inayoandikwa kwa Nm au kwa kilo, si nguvu inayobana. Karibu nusu yake inaliwa chini ya kichwa cha bolti, pale kinapojisugua kwenye wosha. Sehemu kubwa ya iliyobaki inaliwa kwenye hesi. Kinachokwenda kuvuta bolti ni kama asilimia 10 hivi. Msuguano ukibadilika kidogo tu, kwa kutu, uchafu, oili nyingi au oili kidogo, hiyo 10 inayumba vibaya.

Piga hesabu ya bolti ya M10, yaani yenye unene wa milimita 10. Ukiikaza kwa 80 Nm ikiwa kavu, inabana kwa takriban tani 4. Ukiikaza kwa 80 Nm hizohizo ikiwa na oili, inabana kwa zaidi ya tani 5. Spana imelia mahali pamoja, tofauti ni zaidi ya tani moja, na bado hujagusa bolti ya tatu.

Digrii hazidanganywi kirahisi hivyo. Hesi ya M10 yenye hatua ya milimita 1.25, ikizungushwa digrii 90, inashuka milimita 0.31 iwe ina oili au ni kavu. Ukizungusha mara mbili ni milimita 0.62. Sehemu ya mwendo huo inamezwa na gasketi na hedi kubanwa, lakini sehemu nzuri inakwenda kurefusha bolti. Bolti ya gredi 10.9 (alama ya ugumu wa chuma, tutaieleza mbele) yenye urefu wa milimita 100 unaovutika inafikia kikomo ikirefuka takriban milimita 0.44. Unaona sasa ile digrii 90 ya pili inakuwepo kwa nini.

Toki ya mwanzo basi ina kazi gani? Kulaza gasketi na kuzipa bolti zote mwanzo mmoja. Huwa ndogo makusudi, ili kosa la msuguano liwe dogo pia. Toyota 1NZ-FE ya kwenye Vitz, IST na Probox inaanza na 29 Nm tu, kisha digrii 90, kisha 90 nyingine. Mtu anayeona 29 ni ndogo na kuongeza kidogo "kwa usalama" ameshaharibu hesabu yote inayofuata.

Kwa hiyo zinaweza kutumika tena au haziwezi?

Inategemea injini. Anayekwambia "lazima mpya kila mara" na anayekwambia "bolti haziharibiki" wote wawili hawajafungua kitabu.

Volkswagen kwenye 1.9 TDI wanataka bolti mpya kila hedi inapofunguliwa: 40 Nm, 60 Nm, digrii 90, digrii 90, na zile za zamani zinatupwa. Mercedes-Benz kwenye familia ya dizeli ya OM601, OM602 na OM603 wanakuruhusu kuzirudisha mradi hazijarefuka kupita kiwango. Bolti iliyotoka kiwandani na milimita 80 isizidi 83.6, ya 102 isizidi 105.6, ya 115 isizidi 118.6. Land Rover kwenye 300Tdi wanakubali bolti itumike hadi mara 5, na fundi anatia alama ya nukta kichwani kila inapotumika. Ukifungua 300Tdi ukute kichwa hakina nukta hata moja, usidhani ni mpya. Huenda waliotangulia hawakuwa watu wa nukta. Toyota nyingi wanakuambia upime: baadhi unene, baadhi urefu.

Tofauti hizi zina maana. Kila mtengenezaji anajua bolti yake inavutwa umbali gani kupita kikomo na kimebaki kiasi gani kabla ya kukatika. Anayevuta mbali anasema itupwe. Anayevuta kidogo anakupa kipimo.

Kuna dhana moja inayozunguka sana: kwamba bolti iliyovutika mara moja "imechoka" na haibani tena kama mwanzo. Kwa kawaida si hivyo. Chuma kilichovutwa kidogo kupita kikomo kinakuwa kigumu zaidi, na mara ya pili kinaweza kubana vilevile. Kinachopungua ni akiba, yaani umbali uliobaki kabla bolti haijaanza kufanya kiuno (kuwa nyembamba mahali pamoja) na kukatika. Akiba hiyo huioni kwa macho. Ndiyo maana tunapima.

Nipime wapi, na kwa kifaa gani?

Safisha bolti kwanza kwa dizeli na brashi ya waya laini, ikauke. Kisha fanya kile kitabu kinachotaka. Kama ni urefu, pima kutoka chini ya kichwa, pale wosha inapokaa, hadi ncha ya bolti. Usipime pamoja na kichwa. Kama ni unene, pima sehemu inayovutika, ambayo mara nyingi iko kwenye hesi za juu ambazo hazikuingia kwenye bloku au kwenye shingo iliyochongwa nyembamba. Tafuta mahali palipo pembamba kuliko pote.

Venia kalipa inatosha kwa urefu. Kwa unene maikromita ni bora, ila kalipa nzuri ukiitumia kwa utulivu itakuonyesha kilichoharibika. Rula ya fundi cherehani haihusiki hapa.

Njia ya haraka: zisimamishe bolti zote za urefu mmoja kwa vichwa juu ya kioo au bamba lililonyooka, kisha lalisha rula ya chuma juu ya ncha zake. Iliyojitokeza itajionyesha yenyewe. Halafu chukua nati mpya ya hesi ileile, izungushe kwa vidole kutoka ncha hadi mwisho wa hesi. Ikikwama katikati, hesi zimevutika hapo, na bolti hiyo haina mjadala.

Bolti moja ikizidi kipimo, mimi nabadilisha seti nzima. Kitabu kinaweza kukuruhusu kubadilisha ile moja, lakini zote zimepita njia ileile.

Nimekuta bolti mpya za bei rahisi. Si bora kuliko za zamani?

Si lazima. Bolti halisi ya kiwandani iliyopimwa ikakutwa ndani ya kiwango naiamini kuliko bolti mpya isiyojulikana ilikotoka, iwe imenunuliwa Kariakoo au Kirinyaga Road. Ukienda kununua, beba bolti moja ya zamani. Linganisha urefu, umbo la shingo, urefu wa sehemu yenye hesi, na alama ya kichwani. Alama ya 10.9 maana yake chuma hicho kinakatika kwenye megapaskali 1000 na kuanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 90 ya hapo. Kichwa kisicho na alama yoyote, hesi zenye makovu, seti moja yenye bolti za urefu tofauti bila sababu: rudisha.

Nikitumia bolti za 12.9 za dukani, zilizo ngumu zaidi, si zitakaa milele?

Hapana, na hii ni hatari kuliko kurudisha za zamani. Ile ratiba ya toki na digrii iliandikwa kwa chuma fulani, unene fulani, urefu fulani wa shingo. Bolti ngumu zaidi ukiizungusha digrii 180 zilezile itavuta kwa nguvu kubwa kuliko hesi za bloku zilivyotarajiwa kubeba. Kwenye bloku ya aluminiamu zitatoka na hesi zake. Ukitaka kuacha bolti za kuvutika kabisa, zipo seti za studi zinazouzwa na maelekezo yake ya toki na mafuta yake ya kupaka. Hizo ni mfumo mwingine. Usizichanganye na ratiba ya kiwanda.

Nipake oili au niweke kavu?

Fuata kitabu. Toyota kwa kawaida wanataka oili ya injini kidogo kwenye hesi na chini ya kichwa. "Kidogo" ni kidole kilichochovywa na kupitishwa, si bolti kuchovywa kwenye kopo. Usipake grisi wala dawa ya shaba ya kuzuia kutu, kwa sababu utapunguza msuguano kuliko ilivyokadiriwa na toki ya mwanzo itapitiliza. Bolti zinazokuja na dawa tayari kwenye hesi, hasa zinazoingia kwenye njia ya maji, usizipake chochote cha ziada.

Mashimo ya bloku yana umuhimu gani?

Mkubwa, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Shimo lenye kitako likibaki na oili au maji, bolti ikishuka inayabana, nayo hayana pa kwenda. Spana itakwambia umefika kumbe unasukuma kimiminika, au mbaya zaidi, bloku inapasuka. Nyonya kwa bomba la sindano au kitambaa, kisha puliza kwa kompresa. Funika silinda, vaa miwani.

Hesi zisafishwe bila kuchongwa. Tapu kali ya kukatia inapunguza chuma cha bloku. Chukua bolti moja ya zamani ya injini hiyohiyo, ikate mifereji miwili mitatu ya wima kwa gurudumu la kukatia, uipitishe kwa mkono ikiwa na oili. Inatoa uchafu bila kula hesi. Kwa kazi hii, bolti iliyokataliwa kwenye kipimo ina faida yake.

Angalia pia kama bolti zote ni za urefu mmoja. Kwenye Toyota za 4A-FE na 5A-FE kuna bolti fupi upande wa kuingiza hewa na ndefu upande wa ekzosi. Ndefu ikiwekwa shimo la fupi inagonga kitako, na hedi haibanwi.

Sina kifaa cha kupimia digrii. Nifanyeje?

Tipeksi au rangi ya kucha. Baada ya toki ya mwanzo kumalizika kwa bolti zote, tia nukta kwenye kila kichwa, upande wa mbele ya injini. Zungusha bolti zote kwa mpangilio hadi nukta iangalie pembeni: hiyo ni digrii 90. Pita tena hadi nukta iangalie nyuma: 180. Nukta zina faida ambayo hata kifaa cha bei kali hakina, kwamba ukimaliza unatazama mara moja na kuona ipi umeiruka.

Tumia mkono mrefu na uvute kwa mwendo mmoja laini. Ukisimama katikati, bolti inashika na kuanza tena kwa kuruka. Na usitumie bunduki ya upepo.

Nianzie wapi kukaza?

Katikati kwenda nje kwa mzunguko, hatua moja imalizike bolti zote kabla ya hatua nyingine. Kulegeza ni kinyume: kuanzia pembeni kuja katikati, kwa awamu, injini ikiwa baridi kabisa. Hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ya moto inapinda.

Kitabu kimeandika 29 Nm lakini spana yangu ina namba mbili. Nisome ipi?

Soma kipimo kabla ya namba. Nm 1 si pauni-futi 1. Pauni-futi ni karibu Nm 1.36. Ukikaza 29 ya upande wa pauni-futi umefika karibu Nm 39. Wanaosema kilo nao wakumbuke kilo-mita moja ni Nm 9.8.

Kwenye digrii za mwisho bolti inakuwa kama imelegea. Imeharibika?

Nguvu ya mkono kuacha kuongezeka kwenye robo ya mwisho ni kawaida. Ndiyo kile kikomo tulichokizungumza. Kinachotisha ni nguvu kushuka: ulikuwa unavuta kwa nguvu, ghafla inakwenda kirahisi. Hapo ama hesi za bloku zinatoka, ama bolti inafanya kiuno. Simama, itoe, itazame. Bolti ikilia kama mlango mkavu maana yake msuguano ni mkubwa chini ya kichwa. Ilegeze peke yake, safisha, paka oili inavyotakiwa, anza upya nayo.

Subaru wanasema ukaze, ulegeze, ukaze tena. Kwa nini?

Kwenye injini za EJ unakaza kwa hatua, unalegeza zote digrii 180, mara mbili, kisha unaanza upya na kumalizia kwa digrii. Mzunguko wa kwanza unalaza gasketi na kusuguanisha hesi na wosha, ili mzunguko wa pili ukutane na msuguano unaofanana kwenye bolti zote. Usiruke hatua hiyo kwa kuona ni kazi ya bure.

Nimekaza hadi mwisho, nikagundua nimesahau kitu ndani. Sijawasha hata injini. Inahesabika?

Inahesabika. Bolti haijui kama injini imewashwa, imeshavutwa. Kwa injini inayotaka mpya, nunua tena. Kwa zile za kupima, pima. Gasketi nayo ikishabanwa kwa nguvu kamili usiirudishe. Ila kama ulikuwa umefika toki ya mwanzo tu, bila digrii, bolti hazijafika popote. Endelea.

Nirudi kuzikaza baada ya kutembea kilomita elfu moja?

Kwa bolti za kuvutika na gasketi za chuma za tabaka nyingi, usiziguse. Ukiongeza digrii unakula akiba. Desturi ya kurudia ilitoka enzi za Peugeot 504 na gasketi laini zilizokuwa zinalala baada ya kupata moto. Kama kitabu cha injini yako kinataka kurudia, kitasema.

Bolti mpya, gasketi mpya, na bado imeungua baada ya mwezi. Kosa liko wapi?

Mara nyingi si kwenye bolti. Weka rula iliyonyooka kwenye uso wa hedi na wa bloku, kwa mshazari pia, upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Toyota nyingi hazitaki mwinuko unaozidi milimita 0.05. Hedi hupelekwa kuchongwa, bloku inasahaulika. Kwenye dizeli, angalia pia unene wa gasketi. Injini nyingi zina zaidi ya mmoja, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyojitokeza juu ya bloku.

Kisha uliza kwa nini ilichemsha mara ya kwanza. Rejeta iliyoziba bado iko palepale, feni inayochelewa bado inachelewa. Na kama kuna mtu aliwahi kutoa themostati ili gari "lipoe vizuri", nunua nyingine uirudishe kabla ya kumimina maji.